Mabruki Fundi Saa na Tola Zangu Mbili

Ukitaka kumjua Mabruki, usimuulize mwenyewe. Atakwambia, "Mimi fundi saa," kisha atainamia meza yake na hutapata neno jingine mpaka adhuhuri. Niulize mimi, Nassibu bin Feruzi, sonara. Miaka ishirini na zaidi baraza letu lilikuwa moja pale mtaa wa soko, Tabora mjini. Mimi nilikaa upande wa kulia na mizani yangu, yeye kushoto na saa zake. Akikohoa nilisikia. Nami nikidanganya... haya, hilo tutalifikia. Nisiharakishwe.

Babu yake aliingia Tabora na pembe begani, msafara ukaendelea pwani, yeye akabaki kwa ajili ya mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo. Baba yake alitia grisi magurudumu ya treni. Mabruki akajifunza saa kwenye karakana ya reli wakati wa Mwingereza, na mwaka tuliopata Uhuru akaacha kazi, akatoka na kopo la bati lenye bisibisi sita na lenzi ya kuvaa jichoni. Akasema nchi huru inataka watu wanaojua saa. Nikamwambia, "Fundi, nchi huru inataka kulala kwanza, imechoka." Hakucheka. Alikuwa mtu wa furaha, lakini furaha yake aliiweka ndani kama mtu anavyoweka sukari ya wageni. Treni ikichelewa kutoka Dar, alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, kisha akatikisa kichwa kwa kuihurumia treni.

Ikaja Ujamaa, watu wakahamia vijijini, ikaja vita na Amini, tukashinda. Tukaambiwa tufunge mkanda miezi kumi na nane. Miezi ikaisha, mkanda haukufunguka. Sabuni foleni, betri foleni, chumvi foleni. Mimi dhahabu mpya sikuiona, ila vumbi kidogo la wachimbaji. Niliyeyusha bangili za bibi nikamtengenezea mjukuu hereni. Lakini kwa Mabruki zile ndizo zilikuwa siku za neema. Hakuna aliyeweza kununua saa mpya, basi kila saa mbovu ya mkoa huu ilimfuata yeye. Kipuri hakipo? Anakichonga. Nilimwona akitengeneza gurudumu la saa kwa kopo la maziwa, na saa ile ikaenda mpaka mwenyewe akafa ikaendelea bila yeye.

Siku moja, mwaka themanini na moja, akaja Sista Koleta, muuguzi mkuu wa hospitali ndogo ya misheni iliyo mbele kidogo ya Kipalapala. Mama mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, Mnyamwezi wa Ndala. Akashuka kwenye lori la mbao akiwa amebeba kitu kimefungwa ndani ya shuka.

"Shikamoo, Mzee Mabruki."

"Marahaba, mwanangu. Saa gani hiyo kubwa namna hiyo?"

"Si saa. Ila ina ufunguo kama saa."

Akaifungua. Ilikuwa mashine ya kusukuma bomba la sindano, ya zamani, padre mmoja aliiacha alipokwenda kwao. Ni chuma cha urefu wa mkono. Unalaza juu yake bomba kubwa la kioo lenye dawa, unajaza kamani, ile springi ya ndani, kwa ufunguo, na parafujo ndefu inausukuma mchi wa bomba polepole, polepole, kiasi kwamba jicho halioni kitu kinachotembea. Dawa inamwingia mgonjwa kidogo kidogo mchana kutwa. Wauguzi waliiita Mama Taratibu. Ilikuwa imekufa miaka minne.

"Kuna dawa huwezi kuipiga sindano moja ukaenda zako," Koleta akaeleza. "Mgonjwa wa pepopunda, kwa mfano. Ile dawa ya kulegeza misuli ikimpungukia, anakakamaa mpaka mgongo unakunjika. Ikizidi, anasahau kupumua. Anahitaji mililita mbili kwa saa. Si moja na nusu, si mbili na nusu. Mbili."

Mabruki alikuwa ameshavaa lenzi. Sidhani kama alisikia mwisho wa maneno.

Siku tisa alikuwa nayo. Kamani ilikuwa imekatika, akaitoa nyingine kwenye saa ya mezani ya marehemu shangazi yake, akaomba radhi kwa sauti kabla ya kuifungua. Nati inayotembea juu ya parafujo ilikuwa imelika meno yote. Shaba hakupata. Basi akachukua kipande cha mpingo, akakichemsha ndani ya nta ya nyuki siku mbili hadi kikawa kizito na kinateleza, akakikata meno kwa msumeno mwembamba kama uzi. Nilimwambia, "Fundi, unawatibu watu kwa kigogo?" Akasema, "Chuma kinakwaruzana na chuma. Mpingo na chuma vinasikilizana." Siku nzima baraza letu lilinukia nta, wateja wangu wakadhani nimeanza kupika asali.

Kilichobaki kilikuwa kuipima. Alama za lile bomba kubwa la kioo zilikuwa zimefutika kwa kuchemshwa miaka na miaka. Koleta alikuwa na mabomba madogo yenye alama, lakini Mabruki hakuyataka. "Alama nene, jicho linaweza kuzisoma litakavyo," akasema. "Jicho hudanganya. Mizani ya sonara haidanganyi."

Mnaniona nilivyonyamaza?

Hesabu yake ilikuwa safi. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Tola moja ya sonara ni gramu kumi na moja na theluthi mbili hivi. Kwa mwendo wa mililita mbili kwa saa, mashine inatakiwa kudondosha tola moja ya maji katika saa sita kasoro dakika kumi. Akakinga maji kwenye kikombe cha kahawa, akakifunika karatasi jua lisimwibie, akaja dukani kwangu kuazima mizani na jiwe la tola.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa msikitini, tena safu ya mbele. Mke wangu Kuluthumu ndiye aliyemfungulia droo, akampa tola aliyoiona kwanza, iliyokuwa droo ya kushoto.

Sasa nisikilizeni, na anayetaka kunitukana anitukane kimoyomoyo. Nilikuwa na tola mbili. Ya droo ya kushoto ilikuwa nzito, imezidi kama thumuni hivi, yaani sehemu moja ya nane. Hiyo nilipokelea. Mtu akileta dhahabu yake, naiweka upande wa pili, inaonekana pungufu. Ya droo ya kulia ilikuwa nyepesi. Hiyo nilirudishia. Baba aliniachia zote mbili pamoja na duka, na sikuwahi kuuliza. Hata Kuluthumu hakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Niliporudi kutoka msikitini nikaikuta mizani kwenye meza ya Mabruki, na tola ya kushoto juu yake. Yeye kachuchumaa, anageuza kile kijimkono cha kuongeza na kupunguza mwendo, anapima, anageuza tena. Kinywa kilifunguka niseme. Mbele yangu walikuwepo wateja wawili. Nikakifunga. Nikajiambia: ni maji tu, kazidisha kidogo, nani atajua? Ndivyo shetani anavyosema, hana maneno mengi.

Mashine ikaenda hospitali Jumatatu, na mgonjwa alikuwa anaisubiri. Veneranda, mke wa Dionis mrina asali, wa kijiji cha ujamaa kule msituni. Walikuwa wanaezeka ghala la kijiji, akakanyaga msumari. Siku ya nane taya likafunga. Ana watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya. Dionis alimleta juu ya machela ya miti, yeye na ndugu zake watatu wakipokezana. Mabruki ndiye aliyenisimulia haya yote aliporudi, uso unang'aa. "Mashine inasukuma, Nassibu! Mpingo hausikiki hata kidogo. Mama wa watu amelegea, amelala."

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Jumanne alasiri akaenda kwa baiskeli kuitazama, akarudi na habari. Koleta alijaza bomba mililita arobaini na nane saa mbili asubuhi Jumatatu, liishe saa mbili asubuhi ya pili yake. Likaisha kabla ya saa kumi na mbili alfajiri. Na Veneranda alikuwa anavuta pumzi tisa tu kwa dakika. Koleta akaisimamisha mashine. Pumzi zikarudi. Lakini baada ya muda mwili ukaanza kukakamaa tena, ikabidi aiwashe tena. Akawa anaiwasha na kuizima, anaiwasha na kuizima, hana muuguzi mwingine wa kumkalia mgonjwa mmoja. "Hivi siwezi kwenda siku nyingi, mzee," alimwambia Mabruki. "Nikipitiwa na usingizi dakika kumi tu, nitamkuta maiti."

Jumatano Mabruki akaazima mizani yangu tena, na jiwe lile lile, akavipeleka hospitali. Nikampa. Ndiyo, nilimpa kwa mkono wangu huu! Nilitaka kumpa jingine, lakini lipi? La kulia nalo lilikuwa la uongo. Nikabaki kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Chakula cha Kuluthumu hakikupita siku ile, akadhani naumwa, akanichemshia mwarobaini nikaunywa wote kama adhabu.

Alhamisi asubuhi Mabruki akarudi. Akaweka mizani juu ya meza yangu kwa adabu zake zote, kaifunga kwenye kitambaa. Kisha akaenda kwake, akaanza kupanga bisibisi ndani ya kopo la bati.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Nafunga."

"Unafunga nini?"

"Nimeipima tena mbele ya Koleta. Mizani inasema sawa, kamili kabisa. Mgonjwa anasema sivyo." Akainua mikono yake, akaitazama. "Mizani yako haidanganyi, Nassibu. Basi ninayedanganya ni mimi. Nahesabu vibaya, au naona vibaya, sijui. Nina miaka sitini na mbili. Mtu akishindwa kujua kosa lake liko wapi, aache kushika roho za watu." Akavua lenzi, akaniwekea mezani. "Hii itakufaa wewe kwa mawe madogo."

Jamani. Nimezika baba, nimezika mtoto. Lakini ile lenzi juu ya meza yangu, bado ina joto la jicho lake, iliniuma mahali pasipo dawa.

Barazani alikuwepo Masolwa wa Nzega, aliyeniletea vumbi la dhahabu ndani ya bua la unyoya miaka kumi. Walikuwepo wanawake watatu na mambo ya harusi. Na Kuluthumu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Nikasema moyoni, mficha uchi hazai. Kama kuna siku ya kuvuliwa nguo, ni hii.

"Mabruki, usifunge hilo kopo!" Nilipiga ukelele mpaka muuza karanga wa ng'ambo ya barabara akasimama. Nikavuta droo zote mbili. Nikaweka tola ya kushoto kwenye sahani moja ya mizani, na ya kulia kwenye sahani nyingine. Tola na tola, zinatakiwa zisimame sawa. Mizani ikalala upande mmoja, pu! Kila mtu akaona.

Mabruki akasogea, akainama, akaitazama ile mizani kwa muda mrefu.

"Nilikupa nzito," nikasema. "Imezidi kama thumuni. Mkono wako hauna kosa. Mashine yako haina kosa. Kosa ni mimi, nalo lina umri wa miaka thelathini."

Masolwa akasema, "Kumbe!" Kisha akasema tena, polepole, "Kumbe." Akachukua bua lake la dhahabu, akalirudisha kwenye koti, akaondoka bila kwaheri. Wanawake wa harusi wakakusanya vitu vyao. Mmoja akasema, "Na safu ya mbele msikitini anakaa!"

Kuluthumu akaweka sinia chini. "Nassibu."

"Naam."

"Bangili za mama yangu. Ulizipimia ipi?"

Wallahi, kati ya yote yaliyonipata siku ile, hilo ndilo lililonitoa jasho. "Ya kushoto," nikasema.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Alinitazama, kisha akamtazama Mabruki. Mabruki hakuwa na nafasi ya hasira. Alikuwa ameshaanza kazi kichwani. "Ipi ndiyo ya kweli?" akauliza. "Moja nzito, moja nyepesi. Nyepesi kiasi gani?"

"Sijui kwa uhakika. Baba alizitengeneza kwa mkono. Na za masonara wenzangu siwezi kuziapia."

"Basi hatuna tola. Na mama wa watu anakufa kwa kukosa tola moja ya kweli katika mji mzima wa masonara!" Akaigonga meza. Nilikuwa sijawahi kumwona akigonga kitu.

Kuluthumu akaingia ndani. Nikadhani anafunga mizigo aende kwao. Alirudi na kijifuko cha bafta, akakifungua fundo kwa meno. Ndani yake mlikuwa na rupia saba za Mjerumani na robo rupia mbili, fedha tupu, zinang'aa kama zimetoka jana. Mahari ya bibi yake, hazikuwahi kupita sokoni, hazikuwahi kusuguliwa na vidole vya watu.

"Bibi alikuwa akisema rupia ni tola," akasema. "Kweli au uongo? Au na hilo nalo ulitudanganya?"

Nikajipiga paji la uso. Kila sonara analijua hilo! Rupia ya zamani ni tola moja kamili, na robo yake ni robo tola. Nilikuwa nalala juu ya ukweli, kwenye sanduku chini ya kitanda changu mwenyewe. Nikaweka rupia moja huku na rupia nyingine huku, mizani ikasimama. Nikabadilisha, zote saba, moja baada ya moja. Ikasimama kila mara. Nilikuwa nimesahau jinsi mizani inavyopendeza ikisimama.

Tukapanda baiskeli moja. Mabruki anaendesha, mimi kwenye keria na mizani mapajani, imefungwa kanga ya Kuluthumu. Njia nzima ya Kipalapala hakunisemesha. Kwenye mchanga tulishuka tukasukuma, naye bado kimya. Nilitamani anitukane.

Wodini nilimwona Veneranda kwa mara ya kwanza. Mwembamba, macho yamefumba, Koleta kakaa kitini ubavuni pake, kidole kwenye ufunguo wa mashine, na macho yake Koleta mekundu kama pilipili. Mlangoni Dionis kasimama na mtoto mgongoni. "Mwangaluka," akatuamkia kwa lugha ya kwao, hajui mimi ni nani. Nikaitikia, nikatazama chini.

Mabruki hakutaka kusubiri muda wa saa sita. Akachukua robo rupia. Robo tola ya maji, mwendo wa mililita mbili, inatakiwa saa moja na nusu kasoro dakika mbili na nusu. Dionis akakubali kushika kikombe, mimi nikashika mizani, Koleta akamwangalia mgonjwa na kumpa dawa kidogo kidogo kwa mkono, na Mabruki akawa na saa yake ya mfukoni. Mara ya kwanza maji yakazidi robo. Akageuza kile kijimkono, kidogo mno, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Mara ya pili maji yakawa sawa na robo rupia. Tukarudia mara ya tatu. Sawa.

"Washa," akamwambia Koleta.

Tulikaa pale mpaka jioni ya siku ya pili, zamu kwa zamu, tukihesabu pumzi. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na nne. Bomba lilikwisha saa yake. Koleta alikuwa kalala kitini, mdomo wazi, hatukumwamsha mpaka alipohitajika kujaza dawa.

Tulipotoka nje Mabruki akanisemesha. "Siku mbili niliilaani mikono yangu, Nassibu. Hilo ndilo lililoniuma. Si hizo dhahabu zako, hizo utajibu kwa Mungu na kwa Kuluthumu."

"Kwa Kuluthumu ndiyo naogopa," nikasema.

Akacheka. Kweli akacheka, kwa sauti, Mabruki yule yule, akashika mpini wa baiskeli asianguke. "Panda," akasema. "Na ukiwa mzito kwa thumuni nakuteremsha hapa hapa."

Nikamrudishia lenzi yake. Toka siku ile mpaka alipostaafu, kila asubuhi alipopita dukani kwangu aliweka kidole kwenye sahani ya mizani na kuuliza, "Leo nina tola ngapi, Sonara?" Nilimjibu, "Kamili." Alitengeneza mashine tano zaidi kama ile, zililetwa toka Nzega na hata Ziba, na rupia moja ilibaki hospitali kwenye kabati la Koleta. Mimi zile tola mbili niliziyeyusha mbele ya baraza zima, nikawa napimia rupia za Kuluthumu. Wateja nilipoteza nusu. Masolwa alirudi baada ya mwaka, akakaa, akasema, "Basi pima," akanikodolea macho mpaka mwisho. Bangili za mama mkwe nilizirudisha na nyongeza ya thumuni, na Kuluthumu alizipima mwenyewe.

Lakini la mwisho ni hili. Miezi mitatu ilikuwa imepita, akaja mwanamke mwembamba na kibuyu cha asali, mume wake nyuma yake. Sikumtambua akiwa amesimama. Asali alimpa Mabruki. Kwangu akavua pete ya fedha, ilikuwa inamcheza kidoleni kwa vile alivyokonda.

"Nipunguzie, mzee," akasema Veneranda.

Nikatoa rupia, nikaweka mizani mbele yake aone vizuri. Yeye akageuka, akawa anatazama watu wanaopita barabarani.

"Binti, tazama ninavyopima," nikamwambia. "Hujasikia habari zangu?"

"Nimezisikia zote, Sista Koleta kanisimulia." Hakugeuka. "Rupia hizo ndizo nilizopimiwa pumzi. Pima tu, mzee."

Mabruki upande wa kushoto alikuwa ameinamia saa ya mtu, lakini najua alisikia. Nikaikata pete, nikaiunga, nikaipiga msasa. Kisha nikafagia meza kwa unyoya, nikakusanya ule unga wote wa fedha uliomwagika, ambao kwa miaka thelathini ulikuwa wangu, nikaupima, nikamfungia kwenye karatasi pamoja na pete yake.